Rachel Carson si DDT tu

Mhariri,

Naomba kanafasi kidogo. Kila akitajwa Rachel Carson, yule mwandishi wa sayansi wa Marekani, ni DDT, DDT (ile dawa ya kuua wadudu), basi, halafu lazima atokee mtu aseme huyo mama kwa kuipinga DDT inayoua mbu ndiye kasababisha watu wafe na malaria. Jamani, kitabu chenyewe mmekisoma lakini? Silent Spring ya 1962 haisemi dawa zote za wadudu zipigwe marufuku, inasema zinamwagwa ovyo na watu wasiojua zinafanya nini, na mle mle kaeleza kwamba ukipuliza sana wadudu wanakuwa sugu, mbu wakiwemo, sasa mbu sugu anamfaa nani? Hata Marekani walipozuia DDT mwaka 1972, yeye keshafariki miaka minane nyuma, waliacha mlango wazi itumike kwa mambo ya afya.

Ila kinachoniuma zaidi ni vitabu vyake vya bahari kusahaulika. Huyu mama alizaliwa 1907 kule Springdale, Pennsylvania, mbali kabisa na pwani, chuo akaanza na Kiingereza akahamia baiolojia, 1932 akamaliza masters ya zuolojia Johns Hopkins. Alitaka asome zaidi, hela hakuna, 1935 baba akafariki na familia ikamwangukia yeye. Ndo akapata kibarua cha kuandika vipindi vya redio kuhusu viumbe vya baharini kwa idara ya uvuvi ya serikali, 1936 wakamwajiri kabisa, mchana ofisini usiku anaandika vyake. Kitabu cha kwanza kilitoka Novemba 1941, mwezi uliofuata nchi ikaingia vitani, kikadoda. Mpaka The Sea Around Us ya 1951, hicho kilikaa wiki 86 kwenye orodha ya New York Times ya vitabu vinavyouzika sana, ndipo akaweza kuacha kazi.

Kwa hiyo watu wa viwanda vya kemikali walipomshukia kwa ajili ya Silent Spring wakamwita mwanamke wa jazba, walichelewa, wasomaji walishamzoea miaka kumi nzima kama mtu anayewaeleza mawimbi na kina cha bahari bila kuwadanganya. Na hapo anaumwa saratani ya matiti, kaificha wasije wakasema anaandika kwa uchungu wake, na bado Juni 1963 akaenda kutoa ushahidi Seneti. Aprili 1964 akafariki, miaka 56 tu.

Mhariri, mkimwandika tena tunaomba na hivyo vitabu vya bahari mvitendee haki, hata nusu ukurasa.

Msomaji wenu