Mama Shani, kuhusu mdogo wako na ile kazi ya ndege

Shoga yangu Mama Shani,

Za huko Dar? Sie huku Kigoma tupo, mvua inatunyeshea na dagaa wamepanda bei kama kawaida yao. Voisi yako nimeisikiliza yote, ile ya mdogo wako kuitwa ufundi kwenye hiyo kampuni mpya ya ndege, afu we unamalizia eti hata ikifa zipo nyingine zitamchukua, ndege zipo na abiria wapo. Hapo ndo nikaona nikuandikie kabisa maana kwenye simu huniachii nafasi.

We unajua mi nakatisha tiketi hapa Mwanga, kwa hiyo ikifa kampuni mi naanza kuisikia kwenye nauli. Si unawakumbuka Fastjet? Walianza Novemba 2012, watu ambao hawajawahi kukanyaga ndege wakawa wanaenda Mwanza kama wanapanda daladala. Desemba 2018 ikawa kilio, TCAA, wale wasimamizi wa usafiri wa anga, wakawapa notisi ya siku 28 kwamba wananyang'anywa leseni, madeni yamewazidi, na hapo Krismasi hiyo kila mtu anataka kwenda kwao. Tarehe 23 mwezi huohuo ATCL, shirika la ndege la serikali, wanapokea Airbus A220 yao ya kwanza! Yaani huyu anafunga virago, yule anashusha jeti mpya.

Ila usidhani anayebaki anashangilia tu. Abiria wote wanamwangukia siku moja na viti ni vilevile, ndege huwezi kwenda kuinunua Kariakoo. Wala hahitaji kukaa kikao cha kupandisha bei, kwenye sistimu viti vya bei ya chini vinaisha kwanza, kinachobaki ni vile vya juu, mteja anakuja kaunta kwangu ananitolea macho kama nimepanga mimi.

Na anayebaki anachagua pa kukimbilia. Thomas Cook ya Uingereza ilivyoanguka Septemba 2019, easyJet, kampuni nyingine ya ndege ya hukohuko, walitoa pauni milioni 36 kununua nafasi zake za kuruka na kutua kwenye viwanja vya Gatwick na Bristol. Wala si ndege hizo, ni ruhusa tu ya kuruka saa fulani! Sasa niambie nani atoe hela agombanie nafasi ya uwanja wa Kigoma, uwanja ambao hauna foleni. Watajaza Mwanza kwanza, Kilimanjaro, Zanzibar, sie wa mwisho wa reli tutapigiwa simu baadae. Kuna kampuni moja, jina naliacha, ilikata safari za huku bila taarifa, na siku hiyo nina mama ana rufaa ya Muhimbili, kakaa kwenye benchi langu na bahasha ya eksirei mapajani, mi napiga makao makuu simu inaita mpaka inakatika. Akaenda na basi. Hela yake nshaituma kwao, kwangu ilibaki komisheni tu, ila anayemjua sura ni mimi, kwa hiyo matusi ya ukoo mzima niliyala mimi.

Haya, turudi kwa ndege zenyewe, maana ndo unapojipa moyo. Nyingi si mali ya kampuni, ni za kukodi. Jet Airways ya India ilisimama tarehe 17 Aprili 2019, na wiki moja kabla Boeing 777 yao ilishikwa Amsterdam kwa deni la wakala wa mizigo tu. Baada ya hapo SpiceJet, mshindani wao, akachukua 737 zao kadhaa na akaajiri baadhi ya marubani na wahudumu, hapo nakubaliana na wewe. Lakini angalia Go First, hukohuko India, ilisimama Mei 2023, ikazilaumu injini za Pratt & Whitney. Wenye ndege wakataka ndege zao, sheria ya ufilisi ikawazuia, zile ndege 54 zikakaa chini karibu mwaka mzima mpaka mahakama kuu ya Delhi ilivyoamua Aprili 2024 zirudi kwa wenyewe. Ndege ikikaa bila kuruka inaharibika, na spea za kwenye ndege iliyolala zina miguu, fundi yeyote atakwambia.

Na watu je? Rubani asiporuka na kutua mara 3 ndani ya siku 90 harusiwi kubeba abiria mpaka arudie, na simuleta, ile mashine ya kufanyia mazoezi ya kurusha, ni hela nyingi, na kazi hana. Fundi ndo mbaya zaidi kwa upande wa mdogo wako, maana leseni yake inaandikwa aina ya ndege. Akisomea ndege ambayo nchi nzima anayo huyo tajiri wake peke yake, kampuni ikifa anabaki na karatasi. Ikiwa ATR sina neno, kampuni ya Precision wanazo, au Dash 8, ATCL wanazo. Kwa hiyo swali la kwanza amuulize bosi ni aina gani, mshahara ndo lifuate, na asiogope kuonekana mjuaji.

La pili hiyo bondi ya mafunzo. Si wanamsomesha afu anafungwa miaka kadhaa? Waandike wazi kampuni ikifunga yenyewe hadaiwi hata senti. Na akishaanza afungue macho, mshahara ukianza kuja nusunusu au wenye mafuta wakianza kudai keshi kabla ya kujaza, atume CV siku hiyohiyo. Marubani wa Jet walikaa miezi hawajalipwa na bado wanarusha ndege, Indian Oil nao walikuwa washawakatia mafuta kabla ya ile siku ya mwisho.

Mi sisemi asiende, kazi ngumu kupata. Mwambie anipigie picha ule mkataba anitumie wasap kabla hajasaini, kurasa zote, asinitumie ya kwanza na ya mwisho tu.

Dagaa wako nimempa kondakta wa basi la kesho, boksi limeandikwa jina lako na namba, mzigo nimeshaulipia usikubali wakudai tena. Msalimie Shani na baba yake.

Wako,
Mama Rehema