Barua ya wazi kwa binti wa dada yangu: sheria usiitolee sebuleni

Mwanangu,

Wiki hii mama yako amenipigia simu mara tatu, na mara zote tatu ombi lake lilikuwa moja: nikukalishe chini nikuambie ubaki Dar es Salaam. Anaona uchungu kwamba binti aliyemaliza shahada, akavumilia mwaka wa mafunzo ya uanasheria kwa vitendo, na hatimaye akala kiapo mbele ya Jaji Mkuu, anapanda basi la Mbagala kwenda kufungua ofisi Lindi. Nimemsikiliza kama inavyompasa mdogo mtu kumsikiliza dada yake, lakini sikukubaliana naye. Naandika hadharani kwa kuwa mabinti wengine huniuliza swali hilohilo, na kwa kuwa kuna jambo moja ambalo ningependa ulisikie kutoka kwangu kabla mji haujakufundisha kwa bei yake.

Dar es Salaam unaijua. Umezunguka na bahasha ya vyeti kutoka Posta hadi Mikocheni, umekaa miezi katika ofisi ambayo haikukulipa hata nauli, na umeona mawakili wachanga walivyo wengi kuliko viti vilivyopo. Mimi nilianzia katika ofisi ambayo sitaitaja. Kwa miaka miwili, vijana wa kiume walioajiriwa baada yangu walipelekwa Mahakama Kuu kujenga hoja za mapingamizi, nami nikipelekwa mahakama ya hakimu mkazi ya Kisutu kuomba tarehe nyingine na kurudi kuandika kumbukumbu za vikao. Hakuna aliyenitukana wala kunifukuza. Kila asubuhi niligawiwa kazi ndogo, nikaifanya vizuri, na kwa kuwa niliifanya vizuri nikagawiwa tena kesho yake. Lindi hakutakuwa na mtu wa kukugawia. Juma la kwanza utasimama mwenyewe mbele ya hakimu, na mzee wa upande wa pili atalazimika kukuita wakili msomi kama anavyoitwa yeye. Kwa hilo peke yake, safari yako ninaiunga mkono.

Lakini Lindi itakujua kabla hujajitambulisha. Wewe ni mjukuu wa fulani, aliyekuwa akisoma Dar. Watakaokuja mwanzo hawatakuja kama wateja. Watakuja kama mjomba, shangazi na jirani, jioni, wakipiga hodi nyumbani kwa bibi yako na karatasi zilizofungwa kwenye mfuko wa nailoni. Watakusalimia kwa upendo wa kweli, wataulizia afya ya mama yako, kisha watasema, "Hebu itupie jicho hii, mwanangu, ni neno moja tu." Mwenzako wa kiume naye ataombwa, lakini yeye akisema "njooni ofisini kesho" ataitwa mtu wa kazi. Ukisema wewe, utaambiwa umejaa majivuno ya mjini. Nataka ukubali kuambiwa hivyo, na nitakueleza kwa nini.

Katika mwaka wangu wa pili wa uwakili nilihudhuria hitma Temeke. Mzee mmoja wa mtaani, ambaye sote tulimwita mjomba, aliniita barazani akatoa kwenye mfuko wa kanzu karatasi mbili zilizokunjwa mara nne. Ulikuwa mkataba wa kuuza nyumba aliyokuwa akiishi. Nilikuwa na sahani ya pilau mkononi. Nikaiweka juu ya kiti, nikasoma kwa mwanga wa taa ya nje: jina la mnunuzi, bei, mipaka ya kiwanja, nafasi ya mashahidi, muhuri wa serikali ya mtaa. Nikamwambia, "Uko sawa, mjomba." Sikumuuliza kama ana mke. Alikuwa naye, na wakati huo mke huyo alikuwa Mkuranga akimuuguza mama yake. Kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, ambacho nilikijibia mtihani na kufaulu, kinamkataza mwanandoa kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake, nami nilikisahau kwa sababu nilikuwa nimekaa kama mtoto wa nyumba ile, si kama wakili.

Miezi minne baadaye mama mmoja aliingia ofisini akiwa na kanga mbili na mtoto mgongoni, akaniuliza bila kupandisha sauti, "Wewe ndiye wakili uliyesema uko sawa?" Mjomba alikuwa amewatangazia watu wote kwamba mkataba umesomwa na mwanasheria. Sikuwa na faili, sikuwa na tarehe, wala sikuwa na mstari mmoja unaoonyesha niliulizwa nini na nilijibu nini. Hata kumtetea sikuweza, kwa kuwa ningeweza kuitwa shahidi. Nikamtafutia wakili mwingine. Kosa lile ni langu, na sura ya yule mama bado naiona kila ninapopokea mkataba wa nyumba.

Ndiyo maana nasema sheria usiitolee sebuleni. Anayepiga hodi jioni mpokee, mpe maji, msikilize shida yake kama mjukuu, na karatasi mrudishie bila kuifungua, umpe saa ya kuja ofisini kesho yake. Akifika, fungua faili hata kama ni shauri la dakika kumi: jina, tarehe, alichouliza, ulichomjibu. Taja ada kabla hujasoma, umwandikie, naye atie sahihi. Amri ya malipo ya mawakili ya mwaka 2015 ipo, na viwango vyake si siri, mwonyeshe. Utakapotaka kumsaidia mtu bure, na utataka mara nyingi, andika kwamba ni bure na umfungulie faili lilelile. Msaada usioandikwa hugeuka deni, na katika mji mdogo deni hilo hudaiwa na ukoo mzima. Fedha za wateja zikae katika akaunti yao, zisiguse kodi ya pango hata kwa usiku mmoja.

Kuhusu fedha, jifunze kalenda ya huko. Mkoa ule huishi kwa ufuta katikati ya mwaka na kwa korosho kuanzia minada ya Oktoba. Mtu anayekuambia mwezi wa tatu kwamba hana kitu huenda anasema kweli kabisa. Mwandikie malipo ya awamu yanayofuata msimu, na wewe mwenyewe weka akiba ya kukuvusha hadi mnada.

Halafu kuna suala la aina ya mafaili. Watakuletea ndoa, talaka, matunzo ya watoto na mirathi, kwa kuwa wewe ni mwanamke. Usiyadharau. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, ilikubali kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika kuchuma mali ya ndoa. Mwaka 1990 Mahakama Kuu Mwanza, katika shauri la Bernardo Ephrahim dhidi ya Holaria Pastory, ilikataa mila ya Kihaya iliyomzuia mwanamke kuuza ardhi ya ukoo. Shauri lile lilianzia kijijini, kwenye kipande cha ardhi ambacho ofisi kubwa za mjini zisingekipandia gari. Huko Lindi utakutana na msiba ambao wapwa wa marehemu wanadai shamba kwa mila ya kurithi upande wa mama, watoto wanadai kwa sheria ya Kiislamu, na mjane yuko uani bila wa kumsemea. Mirathi kama hiyo huanzia Mahakama ya Mwanzo, ambako zamani wakili hakuruhusiwa kuingia. Siku hizi anaruhusiwa pale anapokaa hakimu mkazi. Ingia. Na kwa kuwa sheria sasa imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama, andika hati zako kwa namna ambayo yule mjane akisomewa atajua zimesema nini kwa niaba yake.

Ila yasiwe hayo peke yake. Nenda ukaketi na viongozi wa chama cha msingi cha ushirika, uwaombe wakueleze stakabadhi ghalani, yaani utaratibu wa mkulima kuweka mazao ghalani na kupewa stakabadhi hadi yauzwe mnadani, hatua kwa hatua: nani anapima, nani anasafirisha, nani anabeba hasara mzigo ukipungua uzito kati ya ghala la kijiji na ghala kuu, fedha zinakawia wapi. Kila hatua ina mkataba, au ilipaswa kuwa nao. Watu hao hawatakuja kwako wenyewe, kwa kuwa wamezoea kuwa mikataba ya biashara ni ya wakili mwanamume mwenye mvi, na miiko yetu ya uwakili hairuhusu kujitangaza. Utakachoweza ni kulijua jambo lao kuliko anavyolijua yeye, na siku moja kikao kitakwama mahali ambapo wewe unajua jibu. Mimi nilichelewa miaka saba kuomba faili la kwanza la biashara, nikisubiri mtu aone kwamba naliweza.

Jambo moja nalisema kwa ufupi kwa sababu halihitaji maelezo mengi. Mteja, mkubwa wa ofisi au yeyote anayetaka mzungumzie shauri hotelini usiku, mjibu kwa maandishi kwamba ofisi iko wazi hadi saa kumi na moja. Anayetumia madaraka yake kudai mwili wako anatenda kosa la rushwa ya ngono chini ya Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007. Likikufika, nipigie simu saa yoyote, na mama yako usimfiche.

Nimezungumza naye jana usiku. Hajaridhika, lakini ameanza kuuliza nauli ni kiasi gani, nami najua dada yangu: akifika kwenye nauli ameshakubali. Jumamosi nitakupakilia kwenye basi kabati langu la chuma, lile la droo nne lililokaa nyuma ya meza yangu tangu nilipofungua ofisi yangu. Droo ya pili hukwama, ivute huku ukiinyanyua kidogo. Funguo ziko mbili ndani ya bahasha, pamoja na kitabu kipya cha stakabadhi. Moja tembea nayo, ya pili ifiche mahali unapopajua wewe peke yako. Bibi yako ataiomba aitunze. Mwambie mama mdogo amekataa.