Gari la taka lifike kabla ya mgambo

Mhariri,

Jumamosi ya mwisho wa mwezi uliopita tulitoka mtaa mzima na majembe na reki kuzibua mtaro ulio nyuma ya soko letu hapa Dar es Salaam. Hadi saa nne tulikuwa tumejaza viroba zaidi ya ishirini: chupa za maji, mirija, vifuko vya karanga, na ile mifuko laini isiyo na mikono wanayofungia nyanya. Tukavipanga kando ya barabara. Mtendaji alitushukuru, akasema gari linakuja mchana.

Halikuja. Usiku ule ule vijana wanaookota chupa walifungua viroba, wakachukua zao kwa sababu zina bei kwenye mizani. Mifuko laini haina mnunuzi, ikabaki. Jumatano ikanyesha mvua, na Alhamisi asubuhi nikaiona imejaa tena mtaroni.

Wiki hiyo hiyo mgambo walipita sokoni. Mama mmoja wa mboga alikutwa na pakti ya mifuko hiyo, akatakiwa faini ya shilingi 30,000. Mtaji wake wa siku nzima haufiki hapo. Pakti yenyewe aliinunua duka la jumla lililo ng'ambo ya barabara, na dukani humo hakuna aliyeingia.

Sipingi katazo la mifuko ya plastiki. Juni 1, 2019 mifuko ya rambo ilipopigwa marufuku, ndani ya wiki chache tu watu walirudi kwenye vikapu, nami nilifurahi sana. Lile lilifanikiwa kwa sababu lilianzia juu, kwa mwenye kiwanda na mwagizaji, ambaye kanuni zilimwekea faini ya hadi shilingi bilioni 1. Vifungashio, yaani plastiki ya kufungia bidhaa, viliachiwa mwanya, na wajanja wakaugeuza mlango wa kupitishia mifuko hii laini. Sasa tunamkimbiza wa mwisho kwenye mnyororo, ambaye hana hata kibanda cha kujifichia.

Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 imezikabidhi serikali za mitaa kazi ya taka ngumu, nasi ada ya taka tunalipa kila mwezi. Basi ratiba ya gari ibandikwe ukutani kwenye ofisi ya mtaa, na katika mkutano wa mtaa tusomewe ada iliyokusanywa na safari ambazo gari limefika. Mtu akiona hela yake imeondoa taka mlangoni, hahitaji kusukumwa kulipa. Mgambo nao waanzie maduka ya jumla. Na wale vijana wa chupa, ambao mtaani tunawaita wezi, wapewe kibanda na mizani karibu na soko, maana kazi yao tumeiona.

Jumamosi ya mwisho wa mwezi huu nitatoka tena na reki yangu. Namwomba mtendaji atutangazie mapema gari litafika saa ngapi.

Msomaji wako,
Dar es Salaam