Mjomba, hivi ndivyo tunavyodaka mpira usiokuwepo

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Siku ile ulipopiga simu ukasikia vishindo vya mwanangu akicheza mchezo wa video kwenye runinga, uliniuliza swali ambalo sikulijibu vizuri: mtu anadakaje mpira ambao haupo? Nimeona nilijibu kwa maandishi, na hadharani, kwa kuwa wewe ndiye uliyenifundisha kudaka, na wapo wengine wanaojiuliza vivyo hivyo.

Kurusha ndiko kwepesi. Ndani ya rimoti anayoishika mchezaji mna kihisi kinachopima mchapuko, yaani jinsi mwendo wa mkono unavyobadilika. Rimoti za Wii, mashine ya michezo ya video iliyotolewa na Nintendo mwaka 2006, zilianza na kihisi hicho, lakini hakikutosha kutambua vyema mzunguko wa kifundo cha mkono, hata mwaka 2009 kikaongezwa kifaa chenye jairoskopu, yaani kihisi kinachopima mzunguko. Sony nao, mwaka 2010, waliweka tufe linalowaka juu ya PlayStation Move, rimoti ya mashine yao ya michezo. Kamera hulitazama, na kadiri linavyoonekana dogo ndivyo mashine inavyotambua kwamba mkono uko mbali. Rimoti yenyewe hairushwi kamwe, bali hufungwa mkononi kwa kamba, na kamba hiyo si pambo: Desemba 2006 Nintendo walilazimika kutoa kamba imara zaidi badala ya zile za awali, zipatazo milioni 3.2, kwa sababu zilikuwa zikikatika.

Kudaka ni shughuli nyingine kabisa. Wewe ulinifundisha kuufuata mpira kwa macho mpaka uingie viganjani, kisha kuirudisha mikono kidogo kuelekea kifuani ili usidunde ukanitoka. Katika mchezo huu hakuna kinachosukuma kiganja, na rimoti ina uzito uleule kabla na baada ya mpira kufika. Kinachobaki ni wakati peke yake. Mwanangu anauona mpira ukikua kwenye runinga, naye hana budi kuvuta mkono katika nukta ileile unapowasili. Ndiyo maana picha ikichelewa hata kwa sehemu ya kumi ya sekunde, mtoto hukosa mpira ambao kwa macho yake ameuwahi. Nilimwona akilia kwa ajili hiyo, nikadhani hana shabaha, kumbe runinga ilikuwa ikitumia muda kuipamba picha kabla ya kuionyesha. Nilipoiweka katika hali ya michezo, alidaka mara saba mfululizo.

Kisha upo mtetemo, na hapa ndipo mimi mwenyewe niliposhawishika. Rimoti za Nintendo Switch, mashine nyingine ya michezo, ya mwaka 2017, hutetema kwa ustadi mkubwa kiasi kwamba mchezo mmojawapo humtaka mchezaji akisie idadi ya mipira iliyomo ndani ya kisanduku kwa kukiinamisha tu, ilhali hakuna kisanduku wala mpira. Mtetemo mfupi na mkali unapofika pamoja na sauti ya kishindo, kiganja husadiki.

Hata hivyo, Mjomba, nilipompeleka nje na mpira wa kweli, alifumba vidole mapema mno, kisha mpira ukamgonga kifuani. Wakati anaujua; uzito haujui. Nimejaribu kumwonyesha kurudisha mikono kama ulivyonionyesha mimi, lakini sina subira yako. Utakapokuja, nakuomba umfundishe wewe mwenyewe, naye atakufundisha kushika rimoti.

Mpwa wako.