Prese yetu inafanya kazi, ndugu

Lubumbashi, komine ya Kenya, usiku

Ndugu yangu Mwamba,

Habari za Likasi? Bibi na watoto wako muzima? Huku tuko tu, mvua imeanza, mbele ya atelie ni matope, wakliya wanasimama kule barabarani na kutupigia simu. Uliniuliza kama ile prese yetu, mashine ya kusukuma chuma kwa nguvu ya kriki (jeki), inafanya kazi kweli ama ni maneno ya mafundi. Basi leo kura (umeme) imekatika tangu saa kumi na moja, niko na nafasi, acha nikuandikie vizuri.

Unakumbuka vile tulikuwa tunaingiza ruloma (beringi) za lori, wewe unashika kipande cha bomba, mimi napiga na nyundo ya kilo 5, na kila nikipiga unafunga macho (usikatae, nilikuwa nakuona). Basi ulipoenda, siku moja tukapiga asubuhi mpaka mchana, ruloma mpya ya mtu ikaingia mshazari ikapasuka upande, nikalipa ingine na makuta (pesa) yangu mwenyewe. Pale pale nikamwambia apranti, kijana anayejifunza kazi kwangu, nyundo imetosha.

Kriki nilipata ya toni 20, ile ya chupa, imetumika lakini haivuji. Fero za U, vyuma vya fremu, nilizitafuta kwa watu wa mitraye (chuma chakavu), za milimita 160, nikazigonga zote na nyundo ndogo kusikia kama kuna ufa, yule muuzaji akacheka akauliza kama nanunua ngoma. Hapo njo makuta mingi yalienda, kriki ilikuwa rahisi kuliko chuma.

Na sikia, juu ya nini nakazia chuma. Watu wanafikiri nguvu iko kwa kriki. Kriki ni mafuta tu, unapiga pistoni ndogo kwa mkono, mafuta yanasukuma ile kubwa, na kama ile kubwa iko na upana wa sentimita 6, kwa toni 20 kila sentimita mraba inabeba karibu kilo 700. Lakini toni zile hazishuki kwa ruloma peke yake, zinasukuma na juu vilevile, zinataka kupasua kadre (fremu) yako katikati. Kriki haichagui kitu cha kuvunja, inavunja kile kilicho laini.

Kwangu kilichokuwa laini ni akse za kubeba meza ya prese, vile vipini vya chuma vinavyopita kwa matundu ya kadre. Niliweka fero ya betoni ya milimita 16, moja kila upande, kwa sababu ilikuwa pale pale chini na nilikuwa na haraka. Tukajaribu na busi (bushi) ya zamani iliyoshikwa na kutu. Apranti anapiga mkono wa kriki, mimi naangalia, busi haitoki, piga tena, haitoki, nikasikia kitu kinalia taratibu kama mlango wa kanisa, nikafikiri ni busi inaanza kutoka, nikasema piga! Meza ikainama upande wa kushoto na kile kipande cha bomba tulichoweka juu ya busi kikaruka kikagonga bati ya ukuta. Kimepita karibu na kiuno changu. Tulipochomoa ile fero ilikuwa imekunjama kama ndizi.

Usiku nikafanya hesabu ambayo ilipaswa kufanywa mbele. Toni 20 pande mbili, ni toni 10 kila akse, na nguvu inataka kukata akse sehemu mbili, kwa hiyo toni 5 kila sehemu. Fero ya 16 iko na milimita mraba 200 tu hapo. Ya 25 inafika 490, zaidi ya mara mbili. Nikatafuta chuma cha 25 kwa akse ya zamani ya gari, kutoboa matundu ya 26 kulichukua usiku mbili, unaanza na 6, unaenda 12, unaenda 18, tulichoma foreti (vyuma vya kutobolea) tatu.

Kusude (kuchomelea) nako usiharakishe. Kamata kwanza nukta nukta, halafu pima kona kwa kona, mshazari huu na ule. Yetu ilikuwa inatofautiana milimita 9, kama tungesude moja kwa moja kriki ingesukuma pembeni maisha yake yote. Na bageti, zile fimbo za kusudia, kipindi hiki cha mvua zinanyonya maji, sude inatoka na vitundu kama mkate. Mimi nazikausha juu ya mbabula (jiko la makaa), bibi analalamika kwamba bukari (ugali) inanuka chuma. Ananuna, lakini mbabula ananipa.

Uliniambia unataka kuning'iniza kriki kichwa chini. Hapana vye, ikigeuka mafuta yanaenda upande mwingine, pampu inanyonya hewa, utapiga mkono mpaka kesho. Iache isimame juu ya bati inayoteleza, kichwa chake kinasukuma chuma cha juu, ile bati njo inashuka. Kuirudisha tulikata kamba nne za mpira wa ndani wa gurudumu la lori. Na usisude kitu kwa mwili wa kriki, moto utakula mipira ya ndani. Mafuta ya freni pia usiweke hata kama jirani anakupa bure.

Mtoto wangu alisoma kwa telefone kwamba prese ya hivi iliandikishwa Uingereza mwaka 1795 na bwana mmoja Joseph Bramah, na ilikuwa inavuja mpaka fundi wake Henry Maudslay, ndivyo wanasema, akaiwekea ngozi inayojikaza yenyewe maji yakisukuma (zile za zamani zilitumia maji). Jina likabaki la patroni. Apranti wangu alifurahi sana kusikia hiyo, sasa anadai nyongeza.

Sasa mbele ya prese kuna bati ya milimita 3 yenye dirisha dogo, ruloma ikipasuka chuma chake kinaruka kama risasi. Juzi tumetoa ruloma mbili kwa nusu saa, bila kelele. Mzee mmoja aliyeleta kazi akauliza kama kweli tumefanya kitu, bei ile ile na hakusikia nyundo.

Zile busi zako sita zipakie kwa gari la kwanza, nitazitoa bure, lakini usafiri ni wako. Kura imerudi, nasikia meleze (mashine ya kusaga chuma) ya jirani. Naenda.

Wako,
Kaji