Waifai imeshika, intaneti hakuna: kabla hujairudisha ruta dukani pitia hapa

Boss, ukituambia "ruta mliyoniuzia mbovu" swali letu la kwanza huwa ni moja, simu inaiona waifai yako au haiioni? Kama inaiona, passwodi imekubali na mistari imejaa yote ila WhatsApp inazunguka tu, basi mara nyingi ruta ni nzima. Waifai ni njia ya kutoka kwenye simu mpaka kwenye ruta, inaishia hapo. Intaneti inaingilia mlango mwingine kabisa, na huo mlango ndo tunaenda kuuangalia.

Geuza ruta uone nyuma. Kuna matundu ya kebo yanafanana, moja limeandikwa WAN, mara nyingi lina rangi yake peke yake, mengine yameandikwa LAN. Kebo inayotoka kwenye kiboksi cha kampuni, iwe ni faiba au ile antena ya juu ya bati, inaingia WAN. Watu wengi wanachomeka popote tu kwa sababu inaingia na inafanya "tak", afu hapo ndo vituko vinaanza: leo simu ya mama inafungua, ya mtoto haifungui, kesho kinyume chake. Sababu ni kwamba kile kiboksi mara nyingi na chenyewe ni ruta, kinagawa adresi (namba ya kuitambulisha kwenye mtandao) kwa kila simu, na hii mpya nayo inagawa za kwake humo humo. Ni kama daladala moja ya Igoma hapa Mwanza yenye makonda wawili, kila mmoja anapanga abiria siti anavyojua yeye.

Sasa kuna hii nyingine inasumbua hata mafundi. Kebo umeweka WAN vizuri, bado hakuna kitu, kumbe kiboksi kinatumia adresi 192.168.1.1 na ruta mpya imetoka kiwandani na 192.168.1.1 hiyo hiyo. Ruta nyingi za siku hizi zinajihamisha zenyewe zikiona mgongano ila siyo zote. Shika waifai ya ruta mpya, zima data ya simu (ukiiacha, simu inaweza kukimbilia bando na ukurasa usifunguke), fungua brauza uandike ile adresi iliyo kwenye stika chini ya ruta, ingia setingi za LAN, badilisha iwe 192.168.5.1, sevu, subiri iwake upya. Kama hutaki hesabu za namba tafuta palipoandikwa AP, ukichagua hiyo ruta inaacha kugawa adresi, inabaki kurusha waifai tu, na kwa nyumba nyingi za kawaida hiyo inatosha kabisa.

Kuna kampuni zinataka yuzaneimu na passwodi za laini, PPPoE, na zingine zimesajili ile ruta yako ya zamani kwa namba yake ya MAC (namba ya kiwandani ya kila kifaa), hivyo mpya haitambuliki mpaka uwapigie wabadilishe. Na tafadhali sana usichome pini kwenye kile kitundu cha riseti cha kiboksi cha kampuni! Unafuta setingi zao zote na hapo sisi hatuna la kukusaidia. Taa ya LOS ikiwaka nyekundu pia siyo ya kwetu, mwanga wa faiba haufiki kwako, wapigie wao.

Ya speed ndogo ni mada nyingine, niguse kidogo. Ruta za bendi mbili zinatoa 2.4 na 5 gigahezi. Ile 5 ina kasi ila ukuta wa tofali unaimaliza, na kwa nyumba zetu za mlimani, Mabatini au Isamilo huko, ambako jiwe limeingia mpaka uani, usitegemee iruke mwamba ifike chumba cha nyuma. Simtanki lililojaa nalo linakula mawimbi. Weka ruta juu, katikati ya nyumba, siyo nyuma ya tivii. Simu ya zamani isiyoiona 5 haina ugonjwa, itumie 2.4, na kama majirani mmebanana jaribu chaneli 1, 6 au 11, hizo haziingiliani.

Ruta inayojizima na kujiwasha yenyewe, cheki adapta kwanza. Kichwa cha adapta ya 9V na ya 12V mara nyingi kinaingia tundu lile lile, hivyo mtu anachomoa ya king'amuzi anaweka kwenye ruta, ikiwa ndogo ruta inayumba, ikizidi unaweza kuiunguza, na ikiungua hivyo waranti haihusiki.

Ukikwama tutumie WhatsApp picha ya nyuma ya ruta kebo zikiwa zimechomekwa, taa zinaonekana, mengi tunayamaliza hapo hapo bila hata kulipa. Ikibidi fundi aje tunakutajia bei kabla hajatoka, maana Nyegezi na Kisesa nauli haziwezi kuwa sawa. Na ukiileta dukani njoo na adapta yake, wengi wanaleta ruta tupu afu tunabaki tunaangaliana.