Risala ya Klabu ya Mazingira kwa Mgeni Rasmi: Masizi, Methani na Mama wa Mwaloni

Ndugu mgeni rasmi, mwalimu mkuu, walimu, wazazi, wavuvi na akina mama mliotoka mwaloni Kirumba, soko letu la samaki hapa Mwanza, wanafunzi wenzetu: shikamooni, na kwa wenyeji, mwangaluka.

Ndugu mgeni rasmi, tunakushukuru kwa kuacha shughuli zako ukaja kutazama filamu yetu ya vibonzo. Tunajua wapo waliosikia mwaliko wakadhani ni mambo ya watoto. Sisi tulianza na mabango ukutani. Watu walipita wakiyaangalia kama wanavyoangalia tangazo la mnada uliokwisha. Ndipo tukaamua uchafu wa hewa upewe miguu, mdomo na jina.

Wa kwanza ni Masizi. Anatoka kwenye kuni, mkaa, kibatari na ekzosi ya fuso. Kwa weusi wake hufyonza joto la jua, na akiingia kifuani hatoki kirahisi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa uchafu wa hewa wa majumbani uliua watu milioni 3.2 duniani mwaka 2020. Hata hivyo Masizi hana maisha marefu. Hewani hukaa siku chache au wiki chache, kisha huanguka au mvua ikamshusha. Ndiyo maana tumemchora ana njaa muda wote: asipolishwa leo, kesho amekonda, keshokutwa hayupo. Hewa ukaa tusingeweza kuichora hivyo, maana sehemu yake hubaki angani karne na karne.

Wa pili ni Methani, gesi iliyotutoa jasho. Hana rangi, hana harufu, utamchoraje? Tulijaribu wingu la kijani, mwalimu wa kemia akalikataa, akasema tunawadanganya watu. Mwishowe tukachora shati linalotembea bila mtu ndani. Linatoka kinywani mwa ng'ombe anayecheua, kwenye majaruba ya mpunga kule Magu, na kwenye taka zinazooza dampo la Buhongwa. Hewani hudumu miaka kama 12 tu, lakini kwa hesabu ya miaka 20, kilo moja ya Methani hupasha dunia joto zaidi ya mara 80 kuliko kilo moja ya hewa ukaa. Babu mmoja alipoona sehemu hiyo akauliza: sasa Msukuma auze ng'ombe wake? Jibu la haraka hatukuwa nalo. Swali lake tumeliingiza kwenye filamu, na anayeliuliza ni ng'ombe mwenyewe.

Ndugu mgeni rasmi, kuna jambo tulilokosea, na tunalisema mbele ya tuliowakosea. Katika toleo la kwanza Masizi alikuwa mwanamke mnene, kajifunga kanga, macho mekundu, amesimama kando ya tanuri la kubanikia sangara. Tulilipeleka mwaloni, tukalionyesha kwa simu. Watoto walicheka sana. Mama mmoja hakucheka. Alitazama mpaka mwisho, akarudisha simu, akasema: "Kwa hiyo mbaya ni mimi?"

Tulirudi shuleni kimya. Huyo mama anavuta moshi ule kuliko mtu yeyote Mwanza, nasi tulikuwa tumemfanya ndiye moshi. Tuliyachana yale makaratasi, tukaanza upya. Tunatumia picha 8 kwa sekunde, kwa hiyo filamu ya sekunde 90 inakula picha 720, zote za mkono. Sasa Masizi ni kijitu kisicho na umbo, kinachomkalia mama begani na kumdai kuni kila saa. Mama ndiye shujaa. Sauti yake ni ya yule yule mama, aliyekubali kurekodiwa kwa sharti moja: kwenye filamu samaki wake wasiungue.

Kwa desturi ya risala, hapa huja changamoto. Tuna simu mbili, moja kioo kimepasuka, na projekta tumeazima. Hayo tungeweza kuyavumilia. Linalotuumiza ni hili: serikali ilikwisha kuagiza taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 ziache kuni na mkaa, na mkakati wa taifa unataka asilimia 80 ya Watanzania wapikie nishati safi ifikapo 2034. Nyuma ya ukumbi huu, hatua kama ishirini, makande yetu ya leo yanachemka juu ya mafiga. Masizi anatusikiliza dirishani.

Tunaomba, ndugu mgeni rasmi, utusaidie kupata jiko la gesi la shule kwanza, projekta baadaye. Tunaomba pia, ukitoka hapa, upitie jikoni uwasalimie wapishi wetu. Usikae sana, macho yatawasha.

Sasa, kwa ruhusa yako, tunaomba mapazia yafungwe. Ni dakika moja na nusu tu.

Ni sisi, wanafunzi wa klabu ya mazingira.